Saa ya Michezo si Saa ya Kufyeka

(Mazungumzo na wanachuo wa mwaka wa kwanza, chuo kidogo cha kati, Kigoma)



Najua mmechoka. Wiki nzima mmeambiwa habari za ada, sare, mitihani na saa ya kufunga geti. Mimi nimepewa nafasi ya mwisho, jioni, tumbo linanguruma na harufu ya migebuka inakuja kutoka jikoni. Na mada yenyewe ni michezo na vikundi vya wanachuo! Wengine nimewaona mmeshatabasamu. Mnasema moyoni, michezo ni mambo ya sekondari, UMISSETA na kadhalika. Hapa tumekuja kutafuta cheti tupate kazi.

Haya. Chukua ratiba ya chuo kidogo chochote, usikitaje jina. Kipindi cha michezo kimo, pengine mara mbili kwa wiki. Sasa fuatilia mwezi mmoja uone kinachofanyika. Wiki ya kwanza kuna mgeni anakuja kutoka mkoani, basi wote shikeni mafyekeo, majani yakatwe. Wiki ya pili mvua. Wiki ya tatu mkufunzi ana semina. Wiki ya nne ndipo mpira unatoka stoo, wavulana 22 wanaingia uwanjani, na chuo kizima kilichobaki kinakaa chini ya mwembe kutazama. Wasichana karibu wote wako pale mwembeni. Yupo kijana mwenye pumu, yupo mnene anayeogopa kuchekwa, yupo aliyezaliwa na mguu mmoja mfupi. Kengele inalia, na kwenye daftari la kazi inaandikwa: michezo imefanyika.

Mimi nasema haijafanyika. Wale 22 wangecheza hata bila ratiba, hata usiku kwa mbalamwezi. Kipindi cha michezo kimewekwa kwa ajili ya hao wa chini ya mwembe.

Msifikiri hili ni tatizo la Kigoma peke yake. Mwaka 2019 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walitoa hesabu ya nchi nyingi za dunia, wakaona kwamba kati ya vijana 100 wa miaka 11 hadi 17 wanaosoma shule, 81 hawafanyi mazoezi ya kutosha. Kwa wasichana ilikuwa 85, kwa wavulana 78. Na kiasi cha kutosha si kikubwa kiasi cha kutisha. Mwongozo wa shirika hilo wa mwaka 2020 unasema aliye chini ya miaka 18 apate wastani wa dakika 60 kwa siku za kuutumikisha mwili. Aliyetimiza 18 na kuendelea, dakika 150 hadi 300 kwa wiki. Yaani nusu saa kwa siku, siku tano, umefika. Kutembea kwa haraka kunahesabika. Ukipanda kilima kutoka stesheni ya reli mpaka Mwanga bila kuita bodaboda, na jasho likakutoka, hilo ni zoezi, hata kama hukuvaa raba.

Utaniuliza, mwanakijiji anayelima na kubeba maji naye anahitaji michezo? Pengine yeye hahitaji sana. Lakini wewe si mwanakijiji tena. Wewe sasa unakaa darasani tangu asubuhi mpaka saa tisa, unakula ugali, unarudi bwenini, unalala na simu kifuani. Kule nyumbani Kasulu au Uvinza mwili ulitumika bila wewe kujua. Hapa usipoupangia kazi hauna kazi. Shinikizo la damu na kisukari siku hizi si magonjwa ya wazee wa mjini tu, na njia ya kuelekea huko huanza katika umri wenu huu huu.

Kigoma tuna fahari yetu ya mpira, na ni haki yetu. Juma Kaseja, kipa aliyedakia Simba, Yanga na timu ya taifa, ni mtoto wa hapa mwisho wa reli. Lakini fahari hii ina ubaya wake. Tunafanya kila kipindi kiwe mchujo wa timu. Anayejua anaitwa, asiyejua anafukuzwa, na asiyejua huyo hatajua mpaka anazeeka. Timu ya chuo ichaguliwe, sikatai, ila ichaguliwe saa nyingine.

Jambo jingine linaloua michezo ni kuigeuza adhabu. Umechelewa mstarini, ruka kichurachura. Umeongea Kiswahili wakati wa Kiingereza, piga pushapu ishirini. Sasa mtu aliyerukishwa kichura miaka kumi na moja ya shule, leo unamwambia mazoezi ni matamu, atakuamini? Wazee wetu walikimbia mchakamchaka alfajiri wakiimba, na nyimbo zile ziliwabeba hata waliochoka. Katika mchakamchaka mzuri wasio na mbio huwekwa mbele, kundi zima lifuate mwendo wao. Ule ulioharibika ni ule ambao wa mwisho anangojewa na fimbo. Rudisheni wa kwanza, wa pili mwacheni huko huko aliko.

MPIRA MMOJA, WATU AROBAINI

Waziri wenu wa michezo wa serikali ya wanachuo atasema vifaa hakuna, mpira ni mmoja. Sawa. Gaweni watu 40 makundi manne. Dakika kumi za kwanza wote pamoja, kukimbia polepole na kunyoosha viungo. Halafu kundi moja lichukue huo mpira. La pili kamba: kamba ya katani ya kufungia mizigo inatosha, wawili wazungushe, wengine waruke. La tatu wacheze rede, mpira wa matambara na chupa ya kujaza mchanga. Msicheke! Mchezaji wa rede anakwepa, anainama, anakimbia, anajaza mchanga, anakwepa tena. Mpeni mshambuliaji wenu wa timu ya chuo dakika kumi za rede, muone atakavyohema. La nne mbio za kupokezana vijiti. Kila dakika kumi mnabadilishana. Hakuna aliyekaa, na gharama ni kamba na kijiti.

Sasa nije kwa dada zangu, na hapa sitapita haraka.

Nimewauliza wasichana wengi kwa nini wanakaa mwembeni. Majibu ni yale yale: mavazi, miluzi ya wavulana, na siku zao. Tuanze na siku. Mazoezi wakati wa hedhi hayadhuru kizazi, hayazuii kuzaa, hayafanyi damu irudi juu. Kwa wengi maumivu ya tumbo hupungua wakijinyoosha na kutembea. Ikiwa unaumwa sana mpaka unatapika au kuzimia, au damu ni nyingi kupita kiasi, hilo ni jambo la kumwona mganga. Kukaa mwembeni hakulitibu. Anayetumia vitambaa avifue kwa sabuni na maji safi, avianike juani, si kuvificha chini ya godoro vikabaki na unyevu. Na chuo ambacho kina stoo ya mipira kinashindwaje kuweka humo boksi moja la pedi? Kikundi cha ushonaji kinaweza kushona za kitambaa. Ufunguo wa boksi akae nao msichana, si mkufunzi wa kiume.

Mavazi. Mji wetu, na Ujiji hasa, ni mji wa Waislamu wengi, na binti hataki kuambiwa achague kati ya dini yake na mbio. Kwa nini achague? Sheria za kandanda duniani ziliruhusu kitambaa cha kichwani tangu 2014, na mpira wa kikapu tangu 2017. Suruali pana ya traksuti, fulana ya mikono mirefu, mtandio uliobanwa vizuri usipeperuke ukanase shingoni: umeshakuwa mchezaji. Mwezi wa Ramadhani anayefunga asogeze mazoezi karibu na kufuturu au baada ya kufuturu, apunguze ukali, asijitie ushujaa wa kukimbia saa nane mchana bila maji.

Miluzi. Kaka zangu, hapa nasema nanyi. Mnapopiga miluzi na kutaja viungo vya mwenzenu, mnamfukuza uwanjani kama vile mmemshika mkono mkamtoa. Mimi naona mwanzoni wasichana wapewe saa yao peke yao, uwanja wote uwe wao, mpaka wazoee. Kuna wanaosema huko ni kuwatenga. Labda, lakini kwa muhula mmoja au miwili mimi ningetenga. Wakishazoea watawafuata wenyewe kuja kuwafunga magoli.

Wenye maradhi ya kudumu wasiachwe, ila wajulikane. Mwenye pumu awe na pampu yake pembeni ya uwanja. Ikibaki bwenini haitamsaidia. Mwenye selimundu, na Tanzania ni miongoni mwa nchi ambako watoto wengi huzaliwa nayo, afanye mazoezi mepesi, apumzike kabla hajachoka, anywe maji mengi, aepuke maji ya baridi, maana uchovu, kiu na baridi humletea maumivu makali. Mwenye ulemavu wa ngozi apangiwe asubuhi mapema au jioni, kofia pana na mikono mirefu. Ni kazi ya kiongozi wa kikundi kuyajua haya kwa siri, bila kutangaza.

Na mwenye virusi vya UKIMWI? Acheze! Jasho haliambukizi, mate hayaambukizi, kupeana mikono na kugongana vichwa hakuambukizi. Jeraha la mtu yeyote, yeyote, lioshwe na kufunikwa kabla hajarudi uwanjani, na anayehudumia avae glovu. Akikosa, avae mfuko wa plastiki safi mkononi. Tena mjue kilichothibitika: mwenye virusi anayekunywa dawa zake bila kukosa, mpaka vipimo vikawa havivioni virusi katika damu, hamwambukizi mwenzake hata kwa kujamiiana. Mazoezi kwake ni sehemu ya kuishi vizuri.

Mguu ukiteguka, pumzisha, weka barafu, funga bandeji isibane sana, inua mguu juu. Barafu Kigoma hatukosi, wauza samaki wanayo, lakini ifunge katika kitambaa, isiguse ngozi moja kwa moja, na usiiweke kabisa kwenye kidonda: ile ni barafu ya samaki, si ya hospitali. Ikiwa huwezi kukanyaga hatua nne, nenda ukapigwe picha. Usikandwe wala kuvutwa na fundi wa mtaani kabla ya hapo.

Kwa wale wa vyuma vya saruji nyuma ya bweni: vyuma si vibaya, anzeni na vyepesi. Ila vidonge na sindano za kujaza misuli kwa haraka muogopeni anayewauzia. Huharibu ini na moyo, na hufanya korodani zisinyae. Ndiyo, nimesema korodani.

KIKUNDI KINACHOKUFA KILA MAHAFALI

Chuo cha miaka miwili kina ugonjwa wake. Mwaka wa kwanza mtu anajifunza njia ya jikoni. Mwaka wa pili anakuwa mwenyekiti wa kikundi. Akishaujua uenyekiti, mahafali hayo, anaondoka na daftari begani. Septemba inayofuata wageni wanakuta stoo imefungwa, hawajui kama palikuwa na kikundi cha mazingira, wala cha kupinga UKIMWI, wala cha ngonjera. Wanaanza upya, kila mwaka.

Dawa yake ni ndogo. Makamu mwenyekiti na makamu mtunza hazina watoke mwaka wa kwanza, wachaguliwe ndani ya miezi miwili ya kufika, wakabidhiwe uongozi kabla wakubwa hawajaingia katika mitihani ya mwisho. Daftari la majina na la fedha lisilale chini ya mto wa mtu, likae kwa mshauri wa wanachuo, na kila mwanachama awe na ruhusa ya kulifungua. Kiingilio kikiwa shilingi mia tano, mia tano hizo zionekane zimekwenda wapi. Vikundi vingi vya wanachuo havifi kwa kukosa fedha. Vinakufa siku fedha kidogo zilizokuwapo zilipokosa maelezo.

Mnataka mfano wa kikundi ambacho hakikufa? Upo, na una uhusiano na ziwa letu. Jane Goodall alifika Gombe, hapo kaskazini ya mji, Julai 1960 kuchunguza sokwe. Mwaka 1991, Dar es Salaam, wanafunzi 12 walikwenda nyumbani kwake, wakakaa barazani wakazungumza mambo yaliyokuwa yanawasumbua. Kumi na wawili tu. Pale ndipo ulipoanza Roots & Shoots, ambao leo una vikundi vya vijana katika nchi nyingi duniani. Bibi huyo alifariki Oktoba 2025, akiwa na miaka 91, na vikundi vinaendelea. Siri moja ni kwamba kila kikundi huamua chenyewe kazi ya kufanya, kinatazama mahali kilipo, hakingojei waraka kutoka juu.

Tena kuna somo jingine hapa hapa mkoani. Mradi wa TACARE ulipoanza mwaka 1994 katika vijiji vya ufukweni, waanzilishi walikuwa na misitu moyoni. Wanakijiji walipoulizwa, walitaja afya, maji, shule. Mradi ukabadilishwa uanze na hayo. Basi na wewe kiongozi wa kikundi, kabla hujaandika katiba ya kurasa tisa, waulize wanachama wako shida yao. Unaweza kutaka kwaya, kumbe wao wanataka mtu wa kutembea naye jioni kutoka maktaba kwa sababu njia ni ya giza. Hicho nacho ni kikundi. Kwa afya ya msichana pengine kinazidi kwaya.

Sasa jambo zito. Kikundi na timu ni mahali ambapo mtu mmoja anashika orodha: nani aende mashindano, nani apate jezi, nani apande gari. Orodha hiyo imetumika vibaya katika vyuo na timu nyingi. Ukiambiwa na mkufunzi, kocha au mwenyekiti kwamba jina lako litabaki ukimtembelea chumbani, hayo si mapenzi wala bahati. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, inakuita kosa la jinai kule kutumia mamlaka kudai ngono. Usiende peke yako kumjibu. Mwambie mwenzako unayemwamini, andika siku, saa na maneno aliyosema, tunza ujumbe wa simu usiufute, halafu kawaone matroni au mshauri wa wanachuo. Kama hao ndio wenyewe, TAKUKURU wana simu ya bure, 113. Wavulana nao hutokewa na haya, na aibu huwafunga mdomo zaidi. Njia ya kuzuia ni kuzuia orodha isishikwe na mtu mmoja: majina yabandikwe ubaoni, pamoja na sababu za kuchaguliwa.

ZIWA

La mwisho, maana naona sahani zinagongana.

Kati yenu wengi mmetoka Kibondo, Kakonko, Buhigwe, Tabora. Hamjui kuogelea, na mmefika kwenye ziwa la pili kwa kina duniani, mita 1,470 panapozidi. Hata wazaliwa wa Ujiji, wasichana wengi hawajui, kwa sababu ziwa waliachiwa kaka zao na wao wakaachiwa kufua. Sisi tunapanda maboti kwenda kwetu kila likizo. MV Bukoba ilizama Ziwa Viktoria mwaka 1996, MV Nyerere mwaka 2018. Hatuhitaji tena kufundishwa na msiba. Chuo kilichopo ufukweni kikiwa na kipindi cha michezo na kisifundishe kuogelea, kwangu ni kama chuo cha udereva kisicho na gari.

Lakini isiwe kwa vurugu. Hakuna kuingia majini mtu peke yake, hakuna kuingia usiku, hakuna kuingia baada ya pombe, na mwenye kifafa asiingie bila mtu wa kumshika. Mwulizeni mvuvi wa hapo kabla ya kuchagua mahali, yeye anajua kina kinapoanza ghafla na mamba anapopenda. Epukeni maji yaliyotulia yenye majani na konokono, kichocho kinakaa humo. Aliyeoga sana ziwani aende akapimwe, dawa yake ni prazikwanteli, ipo hospitali. Katika boti jaketi livaliwe, lisikaliwe kama mto. Na ukimwona mtu anazama usimrukie kama hukufundishwa uokoaji, atakukumbatia mzame wote. Mrushie dumu tupu la lita 20 lililofungwa kizibo, lenye kamba mkiani. Dumu hilo na kamba viwekwe ufukweni kila mnapokwenda kuoga, kabla nguo hazijavuliwa.

Daftari la majina liko mezani hapa mbele, lina kurasa za michezo, mazingira, ushonaji, na ukurasa mmoja mtupu wa kikundi ambacho hatukukifikiria. Uwanja ni Jumanne na Alhamisi saa kumi. Mkuu wa chuo amekubali mafyekeo yabaki stoo siku hizo. Sasa maswali, na naomba tuanze na waliokaa nyuma kabisa.